Timu 13 kwenye CV moja: kwa nini straika wa madaraja ya chini Uingereza hatulii

Watu wengi wakifungua ukurasa wa mchezaji mtandaoni wakakuta listi ya timu imeshuka mpaka chini, timu kumi, timu kumi na tano, nyingine kakaa miezi miwili tu, hukumu inatoka hapo hapo: huyu garasa. Angekuwa mzuri si wangembakisha? Inaonekana hoja imekaa sawa, ila kwa mpira wa madaraja ya chini Uingereza haishiki kabisa, na kwa namba tisa ndio kabisaa haishiki. Kule kuhama ni sehemu ya kazi, mikataba na mikopo na hela vyote vimekaa kwa namna ambayo straika anayedumu klabu moja miaka minane ndiye wa kushangaza. Sasa huo mfumo ndio nataka tuufungue, na mtu nitakayetembea naye ni Adebayo Akinfenwa, lile jitu la miraba minne mnalolijua kutoka gemu ya FIFA, maana jamaa kapita karibu kila kona ya hayo maisha na kaishia pazuri kuliko wengi.

Tuanze na ramani kwanza. Juu kuna Ligi Kuu yenye timu 20, hiyo haina haja ya maelezo. Chini yake kuna EFL (English Football League), timu 72, zimegawanywa Championship, League One na League Two, kila ligi timu 24, na kila timu inapiga mechi 46 za ligi, ongeza FA Cup, ongeza kombe la ligi, ongeza lile kombe la League One na League Two ambalo linabadilisha jina kila mdhamini akibadilika, unakuta timu inazidi mechi 50 kwa msimu. Jumamosi, Jumanne, Jumamosi, Jumanne, mwezi wa kwanza kwenye baridi na uwanja umeshakuwa matope. Chini ya League Two kuna National League, timu 24 nyingine, halafu chini yake North na South, halafu inazidi kushuka mpaka unafika kwa mafundi na walimu wanaofanya mazoezi jioni wakitoka kazini. Na yote imeungana, timu inaweza kupanda kutoka kule mwisho mpaka juu, mchezaji naye anaweza, ingawa mara nyingi safari inakuwa ya kupanda ngazi moja na kushuka mbili.

Akinfenwa kazaliwa Islington, London, mwaka 1982, wazazi Wanaijeria, na ujanani hakupata klabu ya Uingereza ya kumpa mkataba wa kueleweka, akaenda Lithuania. Ndio, Lithuania! Mji wa Klaipėda, timu inaitwa Atlantas, mwaka 2001, kijana mweusi wa miaka 19 kwenye viwanja ambavyo alikuwa anaimbiwa matusi ya kibaguzi waziwazi. Akakomaa. Fainali ya kombe la nchi mwaka ule kafunga bao la ushindi yeye. Akarudi nyumbani 2003 na medali yake na sokoni Uingereza ile medali ilikuwa haina bei yoyote, akaanzia Barry Town ya Wales ambayo kifedha ilikuwa inazama, kisha Boston United, kisha Leyton Orient, kisha Rushden & Diamonds, kisha Doncaster, hizo zote ndani ya kama mwaka mmoja hivi.

Mtu akiona hiyo listi anasema dogo alikuwa anafukuzwa kila sehemu. Kilichokuwepo pale ni mikataba ya mwezi mwezi. Timu ya chini ina mastraika watatu, mmoja kaumia goti, mwingine kala kadi nyekundu, kocha anapiga simu kwa wakala, nani yupo huru, anakuja mtu anasaini mwezi mmoja, anacheza mechi nne au tano, wale majeruhi wakirudi anapewa mkono. Hajafeli popote hapo, kazi aliyoitiwa imeisha. Na mchezaji asiye na jina hana ujanja, anachukua kila mwezi unaokuja, kwa sababu kila mechi ni nafasi ya kuonekana na kocha wa timu pinzani. Torquay ndio walimpa msimu mzima, 2004-05, akafunga mabao 14 ya ligi, timu ikashuka daraja lakini yeye Swansea wakamchukua. Hapo ndio uone mantiki ya hii kazi, timu inazama na straika anapanda. Beki wa ile timu hawezi kusema "mimi nilicheza vizuri, waliotuangusha ni wengine", nani atamsikiliza? Straika anaonyesha namba yake tu.

Sasa tuje kwenye kalenda, maana bila kalenda huelewi kitu. Mikataba ya mapro Uingereza kwa kawaida inaisha tarehe 30 Juni. Katikati ya mwezi wa tano, ligi ikishaisha, klabu inatakiwa imwambie kila mchezaji anayemaliza mkataba kama anaongezewa au anaachwa, halafu wanatoa listi kwenye mtandao wa klabu, hawa wanabaki, hawa tunazungumza nao, hawa tunawatakia kila la heri. Kwa timu ya League Two si ajabu kukuta watu kumi au zaidi wametemwa kwa mpigo, kwa sababu mikataba mingi kule ni ya mwaka mmoja au miwili. Klabu haijui mwakani itakuwa ligi gani, itakuwa na bajeti gani, na kocha atakuwa nani, sasa itamfunga vipi mtu wa miaka 30 kwa miaka minne?

Kuanzia hapo mpaka mwezi wa nane ni kipindi kigumu sana kwa hawa jamaa. Kuna mamia ya wachezaji huru wanagombania nafasi zile zile, na wakuu wa timu wanajua, hivyo hawana haraka, wanasubiri mpaka bei ishuke. Wasiopata ofa wanaenda majaribio kwenye mechi za maandalizi ya msimu. Ukiwahi kufuatilia timu ndogo za Uingereza mwezi wa saba utaona kitu cha kuchekesha na kusikitisha, wanaweka kikosi mtandaoni, majina yote yapo, halafu namba tisa ameandikwa tu mchezaji wa majaribio A, anaingia kipindi cha pili mchezaji wa majaribio B. Mtu ana mabao mia kwenye maisha yake, mashabiki wote wanamjua kwa sura, lakini siku hiyo hana hata jina kwenye karatasi. Anacheza dakika 45 dhidi ya timu ya daraja la saba, akifunga mawili labda anaitwa Jumatatu, asipofunga anapanda gari anarudi kwake.

Haikuwa hivi zamani, na wala sisemi zamani ilikuwa nzuri. Mpaka 1961 kulikuwa na kiwango cha juu cha mshahara, pauni 20 kwa wiki, hata uwe nani. Na klabu ilikuwa inaweza kumshikilia mchezaji hata mkataba wake ukiisha, haimlipi na haimwachii. George Eastham wa Newcastle akagoma, akaenda mahakamani, 1963 hukumu ikatoka kwamba ule utaratibu ni ukandamizaji. 1978 wachezaji wakapata haki ya kuhama mkataba ukiisha ila klabu ya zamani inalipwa fidia, halafu Desemba 1995 ikaja hukumu ya Bosman, mchezaji wa Ubelgiji aliyeshinda kesi mahakama ya Ulaya, ikaifuta na ile fidia, ingawa Uingereza wameiacha kwa vijana chini ya miaka 24 ambao klabu yao imewapa ofa ya kubaki. Kwa mastaa ile hukumu ilikuwa sherehe. Kule chini ikaja na upande wa pili, kwamba mchezaji ambaye klabu haiwezi tena kumuuza mkataba ukiisha ni mchezaji ambaye klabu haina sababu ya kumtunza. Timu ndogo ambayo zamani ingemshikilia straika wake wa miaka 27 ikitegemea siku moja atauzwa, sasa inampa mwaka mmoja, ikimaliza naye inachukua mwingine wa bure. Uhuru umekuja na upweke wake.

Lakini kwa nini mastraika hasa? Mabeki nao si wana mikataba mifupi? Ni kweli wanahama, ila straika ana mambo mawili yanayomsukuma zaidi. La kwanza, kila timu iliyo kwenye hali mbaya inaamini shida yake ni mabao. Ikifika mwezi wa kwanza, dirisha dogo, timu iko nafasi ya 22, mwenyekiti kapata visenti kidogo, atanunua nini? Atatafuta mtu wa kufunga. Hata kama ukweli ni kwamba kiungo ndio kimeoza, atatafuta mtu wa kufunga. Kwa hiyo soko la mastraika linachemka muda wote, na pale soko linapochemka watu wanahama.

La pili ni makocha. Makocha wa ligi hizi wanafungashiwa virago haraka sana, wengi hawamalizi hata misimu miwili, na hakuna nafasi inayotegemea mtazamo wa kocha kama ya namba tisa. Kocha mmoja anataka jitu la kupokea mipira mirefu kwa kifua, kulinda mpira kwa mgongo, kugombana na mabeki wawili mpaka viungo wafike. Anafukuzwa, anakuja mwingine anayetaka mtu mwepesi wa kukimbia nyuma ya mabeki na kukaba kuanzia mbele. Lile jitu halijabadilika kitu, kiwango ni kile kile, mabao ni yale yale, lakini ghafla linasugua benchi na mwezi wa kwanza linatafutiwa pa kwenda. Akinfenwa mwenye kilo zaidi ya 100 hii ilimfuata maisha yake yote, kila kocha mpya alikuwa anamwangalia mwili kwanza halafu ndio anaangalia mabao, na yeye mwenyewe alikuwa anasema wazi kwamba miaka yote watu walimwambia ni mkubwa mno kucheza mpira.

Na tukiwa hapo hapo, mikopo. Hii imebadilika sana na watu hawaijui. Dirisha la usajili lilipoanza Uingereza msimu wa 2002-03, timu za EFL ziliachiwa upenyo, mikopo ya dharura, hata dirisha likiwa limefungwa unaweza kumchukua mchezaji kwa mwezi mmoja, ukamwongezea mpaka siku 93. Ndio maana CV za mastraika wa miaka ile zina vile vipande vidogo vidogo, mechi tano hapa, mechi nane kule. Fifa wakabana, kuanzia msimu wa 2016-17 upenyo ukafungwa, ukabaki kwa makipa tu. Matokeo yake ni kwamba sasa hivi straika ambaye kocha hamtaki mwezi wa tisa anaweza kukaa mpaka Januari anafanya mazoezi tu, hana pa kwenda, na asipocheza miezi minne nani atamtaka hiyo Januari?

Halafu kuna vijana wa mkopo kutoka Ligi Kuu, na hawa ndio wanaowaumiza mastraika wakongwe kimya kimya. Klabu kubwa ina dogo wa miaka 20 anafunga mabao kwenye timu ya vijana, inataka akapigwe viwiko kidogo akomae, inampeleka League Two na mshahara mkubwa inalipa yenyewe. Timu inaruhusiwa kuwa na wa mkopo 5 kwenye kikosi cha siku ya mechi. Sasa wewe kocha wa League Two unapiga hesabu, mkongwe wa miaka 32 utamlipa wewe kila shilingi, dogo utalipa robo. Mkongwe anajua pa kusimama kwenye kona, anajua refa gani anamezea kusukumana na yupi hapendi, dogo hajui chochote kati ya hivyo, lakini hesabu ni hesabu. Binafsi naona timu nyingi zinapoteza pointi kwa hii hesabu, ila mimi si mhasibu wao.

Tuongelee mkataba wenyewe ndani una nini, maana mashabiki tunaongelea mshahara tu. Mkataba wa straika wa chini una mshahara wa msingi, ambao mara nyingi ni mdogo kuliko mnavyodhani, halafu kuna posho ya kucheza, bonasi ya mabao, bonasi ya timu kupanda, na kitu kimoja hatari kinaitwa kifungu cha mechi. Yaani mnakubaliana kwamba akianza mechi kadhaa, tuseme 25, mkataba unajiongeza mwaka mmoja wenyewe. Kwenye karatasi kinamlinda mchezaji. Uwanjani kinaweza kumgeuka, maana ikifika mwezi wa tatu kaanza mechi 23, mkurugenzi anamkumbusha kocha, ghafla straika anaingia dakika ya 70 kila mechi mpaka msimu unaisha, hajaumia, hajashuka kiwango, na waandishi wanashangaa mbona haanzi. Si kila timu inafanya hivyo lakini ni jambo ambalo wachezaji wenyewe wamelisema mara nyingi tu.

Na familia je? Mtu anahama Torquay, ambayo iko kule pwani ya kusini magharibi, anaenda Swansea, anaenda Northampton, anaenda Gillingham upande wa Kent. Ukihamisha watoto shule kila mkataba utawaua kwa mawazo. Kwa hiyo wengi wananunua nyumba sehemu moja ya katikati halafu wanaendesha. Wana utaratibu wao, wachezaji wanne watano wanaokaa upande mmoja wanakutana saa moja asubuhi kwenye maegesho ya vituo vya kupumzikia pembeni ya barabara kuu, M1 au M6, wanaacha magari matatu pale, wanapanda moja, wanachangia mafuta, saa moja na nusu mpaka mazoezini, saa moja na nusu kurudi. Mazoezini kwenyewe unaweza kukuta ni uwanja wa chuo au shule timu imepanga, na kwa klabu nyingine jezi za mazoezi unafua mwenyewe kwako. Kundi la gari lile ndio linakuwa ndugu zako. Na ukitemwa mwezi wa tano unatoka kwenye timu na kwenye gari kwa pamoja.

Mambo yakiharibika yanaharibika kweli. Bury walipanda kutoka League Two mwishoni mwa mwezi wa nne 2019, wachezaji walikuwa wanadai mishahara yao wakati wanapanda, na tarehe 27 Agosti mwaka ule ule klabu ikafutwa kwenye ligi kabisa kwa sababu mmiliki alishindwa kuthibitisha kwamba ana hela ya kuiendesha. Ligi ilikuwa imeshaanza, dirisha linakaribia kufungwa, wewe una mkataba na klabu isiyo na ligi. Mwaka uliofuata corona ikaja, klabu hazina mapato ya mlangoni, Agosti 2020 timu za League One na League Two zikapiga kura kuweka ukomo wa bajeti ya mishahara, pauni milioni 2.5 kwa League One na milioni 1.5 kwa League Two, timu nzima hiyo. Chama cha wachezaji, PFA, kikapinga, Februari 2021 wasuluhishi wakaamua kwamba ulipitishwa kinyume na taratibu, ukafutwa. Lakini ile miezi sita ilitosha kuwapiga wakongwe, maana kwenye ule utaratibu vijana wa miaka 21 kushuka walikuwa hawahesabiwi kwenye ukomo. Straika wa miaka 31 akawa ghafla ni mzigo wa kihesabu.

Sasa mtu ataniambia, mbona Vardy? Mbona Rickie Lambert? Sawa. Lambert aliachwa na Liverpool akiwa kijana, akaachwa na Blackpool, akafanya kazi kiwanda cha viazisukari vyekundu vile vya kuweka kwenye chupa, akapita Macclesfield, Stockport, Rochdale, Bristol Rovers, akafika Southampton 2009 wakiwa League One, akapanda nao mpaka Ligi Kuu, na Agosti 2013 akaingia Wembley akiichezea England dhidi ya Scotland akagusa mpira wa kwanza, bao. Vardy alikuwa Stocksbridge analipwa pauni 30 kwa wiki, Halifax, Fleetwood, Leicester wakamnunua 2012 kwa pauni milioni moja na 2016 wakawa mabingwa. Hadithi tamu sana hizi na ni za kweli, ila zinawadanganya watu wakadhani kule chini ni foleni ya kwenda juu na anayebaki ni mvivu. Kwa mamia ya mastraika wa zile ligi, hao ni wawili watatu kwa kizazi. Wengine wote wanafanya kazi ya kulipa nyumba.

Na kuna sehemu moja foleni inabana vibaya mno, pale National League. Championship zinashuka timu 3, League One zinashuka 4, lakini League Two zinashuka 2 tu, kwa hiyo kutoka National League zinapanda 2, bingwa moja kwa moja na mshindi wa mtoano. Hapa tuna mtu wetu wa karibu, Adi Yussuf, kazaliwa Zanzibar, kakulia Leicester, akapita akademi ya Leicester City, halafu angalia njia yake: Burton, Lincoln, Oxford City, Mansfield, Crawley kwa mkopo, Grimsby, Barrow, Solihull Moors. Msimu wa 2018-19 Solihull wakamaliza nafasi ya pili National League, pointi 3 tu nyuma ya Leyton Orient. Nafasi ya pili kwenye League Two unapanda moja kwa moja, hata wa tatu anapanda. Solihull wakaingia mtoano wakatolewa na AFC Fylde, wakabaki pale pale. Yeye mabao yake yakamvusha, Blackpool ya League One wakamsajili, na mwaka ule ule aliitwa kambi ya Taifa Stars, mwaka ambao Stars ilirudi Afcon baada ya miaka 39. Blackpool nafasi ikawa ngumu, akatolewa kwa mikopo tena kule kule National League, Boreham Wood, Wrexham, Chesterfield. Nilisoma maoni ya Wabongo kipindi kile, "huyu anacheza daraja la tano, tunamwita wa nini". Ila ukishajua mlango ule una upana gani, daraja la tano linakuwa na sura nyingine kabisa. Wakenya na Jonah Ayunga wao ni hivyo hivyo, mzaliwa wa Weymouth, kapita Sutton, Havant, Bristol Rovers, Morecambe, mpaka Scotland kwa St Mirren, na Harambee Stars wakamwita bila kelele nyingi.

Kitu kingine cha National League kinachochanganya watu ni kwamba kushuka kunaweza kulipa. Ukienda timu za nusu ajira, mazoezi Jumanne na Alhamisi usiku, unaweza kuwa na kazi nyingine mchana, umekuwa kocha wa shule, umefungua gym, unauza nyumba, ukijumlisha hela mbili hizo unakuta unazidi mshahara wa League Two, na unalala kwako. Kwa hiyo straika wa miaka 33 akishuka madaraja mawili siyo lazima ameporomoka, inawezekana kakaa na mke wake wakapiga hesabu.

Turudi kwa Akinfenwa. Swansea alipofika 2005 alifunga bao la ushindi fainali ya kombe la madaraja ya chini Aprili 2006 dhidi ya Carlisle, na mwezi uliofuata, uwanja ule ule wa Cardiff, fainali ya kupanda Championship dhidi ya Barnsley ikaenda kwenye matuta, yeye akapaisha. Mwaka 2007 akavunjika mguu, mkataba ukaisha, akakaa bila timu, Millwall wakampa muda mfupi hakufunga hata moja, na hapo wengi wangepotea. Northampton wakamchukua Januari 2008. Kuanzia pale akawa ni mtu wa Northampton, Gillingham, Northampton tena, Gillingham tena, kisha AFC Wimbledon 2014, ile timu iliyoundwa na mashabiki 2002 baada ya klabu yao kuruhusiwa kuhamia Milton Keynes. Januari 2015 Liverpool wakaja kwenye kauwanja kao kadogo FA Cup, yeye shabiki wa Liverpool toka utotoni, akafunga, wakafungwa 2-1 kwa mabao ya Gerrard.

Mei 2016, Wembley, fainali ya kupanda League One dhidi ya Plymouth. Mkataba wake unaisha na klabu haina mpango wa kumwongezea, na yeye anajua. Wimbledon wanaongoza 1-0, dakika za nyongeza wanapata penati, kulikuwa na mpigaji mwingine aliyepangwa, wakabishana pale mbele ya dunia nzima, Akinfenwa akagoma kuachia mpira. Akaweka 2-0. Kwenye kamera baada ya mechi akasema yeye kiufundi hana kazi, makocha wanaomtaka wamtafute WhatsApp. Watu walicheka sana na ile klipu, wengi hawakujua kwamba ilikuwa taarifa ya kweli kabisa ya hali yake ya ajira. Miaka 34, kapandisha timu, hana timu.

Gareth Ainsworth wa Wycombe akamtafuta. Wycombe walikuwa League Two na hela ya mawazo, na Ainsworth akafanya kitu ambacho makocha wengine wote hawakufanya, badala ya kumtafutia lile jitu nafasi kwenye mfumo wake akajenga mfumo kwa jitu. Mpira wa juu kwa Akinfenwa, yeye anashusha, wengine wanakimbilia. Butua butua, mabeki wa ligi nzima wanajua nini kinakuja na hawana la kufanya. 2018 wakapanda. 2020 corona ikasimamisha ligi wakiwa nafasi ya 8, ikapigwa hesabu ya wastani wa pointi kwa mechi wakaruka mpaka ya 3, wakaingia mtoano, Julai wakaifunga Oxford 2-1 Wembley tupu bila shabiki hata mmoja, Championship kwa mara ya kwanza kwenye historia yao. Safari hii kwenye kamera akasema anayeruhusiwa kumtafuta WhatsApp ni Klopp tu, kocha wa Liverpool wakati ule, na Klopp akamtumia video kweli. Championship wakashuka kwa pointi moja, 43 dhidi ya 44 za Derby. Akastaafu Mei 2022 akiwa na miaka 40, mechi ya mwisho Wembley tena, wakafungwa 2-0 na Sunderland. Mabao zaidi ya 200 jumla, hata dakika moja ya Ligi Kuu hana.

Kwa hiyo ukikutana na CV ndefu ya straika wa chini, usihesabu timu. Angalia dakika alizocheza kwa kila bao, angalia kocha alibadilishwa lini na yeye akahama lini, utaona tarehe zinafuatana sana. Angalia kama kile kipande kifupi kilikuwa kabla ya 2016, maana kinaweza kuwa mkopo wa dharura tu. Na zaidi ya vyote angalia kama kuna timu ilimrudisha. Listi ya wanaotemwa inaweza kuandikwa na mhasibu, ila kumrudisha mtu uliyemwacha mwaka juzi, kwa hela ile ile ndogo, mbele ya mashabiki wale wale wanaojua kila udhaifu wake, hiyo inatoka kwa watu waliofanya naye kazi kila siku. Northampton walimrudisha Akinfenwa 2011, Gillingham wakamrudisha 2013, na wote wawili walikuwa na soko zima la wachezaji huru la kuchagua.